Kabla Ubadilishe Chuma, Uliza: Kikifeli Nani Atalia?

Wacha niseme mapema ndio tusipotezeane wakati. Vitu vingi tunavyoita kuboresha ni kupamba tu. Na kupamba si dhambi, mimi mwenyewe napenda kitu kikiwa safi, kiking'aa, mtu akipita anageuka. Shida ni mpangilio. Tunalipia kung'aa kwanza, halafu pesa ikibaki ndio tunakumbuka breki.

Leo nitaeleza hii maneno kwa kutumia kitu ambacho wengi wenu hamjawahi kushika na pengine hamtawahi: bunduki ya kuwindia. Ile ya boliti. Unavuta mkono wa boliti nyuma, unasukuma mbele, unafunga, unapiga risasi moja, unaanza upya.

Najua mnachosema huko. Msee wa Mau Narok, kwa viazi na ngano na baridi ya kukata masikio, anajua nini kuhusu bunduki za kuwindia? Kenya yenyewe ilipiga marufuku uwindaji Mei 1977, mamangu akiwa hata shule hajaanza. Sawa. Sina bunduki, siitaki, na sina digrii ya uhandisi, chuo niliachia njiani. Lakini nina simu, nina bando, na nina mwaka mzima wa kutazama mafundi wa ng'ambo wakifungua hizi silaha skurubu kwa skurubu. Nimegundua kitu. Hakuna mashine inayofundisha vizuri tofauti ya chuma cha kazi na chuma cha sura kama hiyo. Ina sehemu chache. Kila sehemu ina kazi moja. Na ikikosea ukiwa hatua kumi mbele ya nyati aliyejeruhiwa, hakuna laini ya wateja ya kupigia.

Halafu msidhani hii ni hadithi ya wazungu wa mbali. Imepita hapa hapa. Lord Delamere aliingia nchi hii mwaka 1897 akiwinda kutoka upande wa Somalia, na baadaye akachukua ardhi Njoro, hapo chini yetu. Bunduki za aina hii zilipita kwa hizi ridge zote. Wakati huo huo Waogiek, ambao Msitu wa Mau ulikuwa nyumba yao na duka lao, waliwinda kwa upinde na mtego wapate chakula, na sheria ya mkoloni ikawaita majangili. Mwenye bunduki ya London akaitwa mwanamichezo. Iliwachukua Waogiek hadi Mei 2017 ndio Mahakama ya Afrika kule Arusha iseme haki zao zilivunjwa. Hiyo ni mada ya siku nyingine, lakini nisingeweza kuongea juu ya uwindaji wa Mau nikajifanya sijui.

Sasa turudi kwa chuma.

Ukinunua bunduki ya boliti kutoka kiwandani, hasa ya bei ya chini, kuna sehemu za chuma ambazo wenye kuzitumia hubadilisha. Nitazitaja nne, kwa lugha ya kawaida.

Ya kwanza ni chuma cha chini. Ukigeuza bunduki tumbo juu, utaona kinga ya triga, ule upinde unaozunguka kidole, na sahani inayofunika kasha la risasi. Kwa bunduki nyingi za bei rahisi hivi vitu ni alumini laini au plastiki. Kwa kulungu mdogo haina shida. Lakini bunduki kubwa, tuseme ya .375 kwenda juu, ina teke. Teke hilo likirudi, kile kikufuli kidogo kinachoshikilia sahani kinaweza kuachilia. Sahani inafunguka, risasi zote zinamwagika kwa nyasi. Mwindaji amepiga moja, nyati anakuja, zilizobaki ziko chini kama maharagwe yaliyomwagika sokoni. Ndio maana watu wanatoa hiyo alumini na kuweka chuma kigumu kilichochongwa, chenye kikufuli kinachoshika kweli.

Ya pili ni skurubu za kushikilia darubini. Hizi ni ndogo kama meno ya mtoto. Darubini ni nzito, na kila teke linataka kuiacha nyuma wakati bunduki inarudi. Skurubu zikikatika au zikilegea, bunduki inalenga Njoro na risasi inaenda Elburgon. Fundi anatoboa upya matundu, anaweka skurubu nene zaidi. Kazi yenyewe ni ya dakika chache ukiwa na mashine, na ukimaliza hakuna mtu ataiona, iko chini ya darubini.

Ya tatu ni ndoano ya kuvutia ganda. Ukishapiga, ganda tupu linabaki limekwama kwa joto ndani ya mtutu. Kuna ndoano mbele ya boliti inayolishika na kulitoa. Ndoano ya Mauser ya mwaka 1898, kazi ya Mjerumani Paul Mauser kule Oberndorf, ni ndefu na pana kama ukucha. Inashika risasi mapema, ikitoka tu kwa kasha, na haiiachi mpaka itupwe nje. Aina nyingine ina kandoano kadogo tu, na risasi inasukumwa mbele ikiwa huru. Tofauti unaiona ukiwa na hofu. Mtu mwenye hofu husukuma boliti nusu halafu anairudisha kabla haijafungwa. Kwa ukucha wa Mauser, ile risasi inarudi nayo na kutupwa nje. Kwa ile nyingine, risasi inabaki ndani, boliti inaleta ya pili nyuma yake, zinagongana, mashine imekwama. Na nyati hajakwama.

Ya nne ni triga na kizuizi chake cha usalama. Hiyo nitaiacha kwa sasa kwa sababu ina hadithi yake, na ni hadithi ya machozi.

Angalieni hiyo orodha tena. Hakuna hata kimoja kinachopiga picha vizuri. Sahani iko chini, skurubu zimefunikwa, ndoano iko ndani, triga ni sehemu ndogo tu inayoonekana. Mtu akitaka kujionyesha atanunua kirungu cha boliti cha rangi, mchoro wa simba kwa chuma, mafuta ya kung'arisha kitako. Vizuri sana. Lakini nyati hasomi michoro.

Na wale wa zamani walijua. Rigby wa London, wale ambao jina lao linatajwa kwa heshima mpaka leo, hawakuwa wanatengeneza kila kitu wenyewe. Walikuwa wakichukua boliti na mwili wa bunduki kutoka kwa Mauser, halafu mafundi wao wanachonga, wanalainisha, wanaweka mtutu na kujaribu. Mwaka 1911 wakatoa ile .416 Rigby kwa wanyama wakubwa, juu ya msingi huo huo wa Mjerumani. Ernest Hemingway, yule mwandishi Mmarekani, alipokuja safari yake ya Kenya na Tanganyika mwaka 1933, alibeba Springfield, bunduki ambayo asili yake ni ya jeshi, ikiwa imefanyiwa kazi upya na Griffin & Howe wa New York. Kwa hiyo kuchukua chuma cha kiwanda na kukifanya kiwe bora si ujanja wa vijana wa mtandaoni. Ni ufundi wa zaidi ya miaka 100, na ardhi yetu ilikuwa uwanja wake wa majaribio.

Lakini kuna mwingine lazima nimtaje, kwa sababu anaharibu ile hoja rahisi ya kwamba chuma kizuri kinatosha. W.D.M. Bell, Mskoti waliyemwita Karamojo kwa sababu ya kuwinda sana Karamoja, Uganda. Aliua zaidi ya ndovu 1,000, na hiyo namba inanitia kichefuchefu, siwezi kuisifu. Ila kwa mada yetu sikilizeni: wengi wao aliwaua kwa bunduki ndogo ya .275 Rigby, ambayo leo mtu akikutana na ndovu nayo utasema amechoka kuishi. Aliwezaje? Alipasua mafuvu ya ndovu akasoma ubongo unakaa wapi hasa. Alijua anachofanya kabla hajanunua kitu. Maarifa kwanza, chuma baadaye. Ukiwa hujui mashine yako inafanya nini, hakuna kipuri cha duniani kitakuokoa.

Sasa kuna watu wawili huwa wananijibu nikiongea hivi.

Wa kwanza husema, kama kiwanda kiliweka hicho kipuri basi kiko sawa, wale ni mainjinia, wewe ni nani. Heshima kwa mainjinia, kabisa. Lakini kiwanda kina injinia na kina mhasibu, na wakati mwingine mhasibu ndiye anashika kalamu ya mwisho. Winchester walitoa Model 70 mwaka 1936, ikiwa na ule ukucha wa Mauser. Ikapendwa. Mwaka 1964 wakaibadilisha ndio iwe rahisi kutengeneza: ukucha ukatoka, kandoano kadogo kakaingia. Wateja walikasirika hadi leo watu hutafuta zile za kabla ya 1964 na kulipa zaidi. Ilichukua mpaka miaka ya 1990 ndio kampuni irudishe ukucha. Soma hapo vizuri. Kiwanda kikitaka kupunguza gharama, kinapunguza mahali ambapo jicho la mnunuzi halifiki dukani.

Na sasa hadithi ya triga niliyowaahidi. Remington Model 700, iliyotoka mwaka 1962, ni moja ya bunduki za boliti zilizouzwa sana Marekani. Ndani ya triga yake kulikuwa na kipande kidogo sana cha chuma kilichokaa kwa kusukumwa na springi tu, hakikufungwa kwa triga yenyewe. Wakosoaji wakasema uchafu au kutu kikiingia hapo katikati, hicho kipande hakirudi mahali pake, na bunduki inaweza kulia bila mtu kugusa triga. Kampuni ilikana kwa miaka mingi kwamba kuna kasoro. Mwaka 2000 kule Montana, mtoto wa miaka 9 alikufa baada ya bunduki ya aina hiyo kulia wakati mamake akitoa kizuizi cha usalama ili aondoe risasi. Kesi zikafuata, moja baada ya nyingine, hadi ikafika makubaliano ya mahakamani ambayo yaliwapa wenye hizo bunduki nafasi ya kubadilishiwa triga.

Kile kinachonikaa rohoni ni hiki. Runinga ya CNBC ilitoa uchunguzi mwaka 2010 ikaonyesha karatasi za kampuni yenyewe. Yule injinia aliyebuni hiyo triga, Mike Walker, alikuwa amependekeza marekebisho tangu mwaka 1948. Gharama yake ilikuwa senti tano na nusu kwa kila bunduki. Senti tano na nusu za Marekani. Hata kwa pesa ya wakati ule, hiyo haifiki bei ya kitu chochote unachoweza kukumbuka umenunua.

Mtu wa pili anayenijibu ni kinyume cha wa kwanza. Yeye husema kila kitu cha kiwanda ni takataka, toa vyote, weka vyako. Huyu ndiye hatari zaidi kwa sababu anaongea kwa ujasiri na ana wafuasi wengi. Kwake namrudisha kwa hadithi hiyo hiyo. Remington walikuja na triga mpya, X-Mark Pro, mwaka 2006. Mpya, ya kisasa, ya kumaliza kelele. Aprili 2014 wakaiita irudi kiwandani, kwa sababu gundi iliyozidi wakati wa kuunganisha ingeweza kufanya bunduki ilie yenyewe. Kipuri kipya si kipuri kizuri mpaka kijaribiwe. Kipuri kipya ni kosa jipya ambalo bado hujaliona.

Kwa hiyo mimi nina maswali matatu tu, na ndio msimamo wangu wote. Hiki kipande kazi yake ni gani? Kikifeli, nani atalia? Na nikikibadilisha, nitajuaje kipya kinafanya kazi kabla maisha hayajakitegemea? Ukijibu yote matatu, badilisha. Ukishindwa hata moja, weka pesa mfukoni.

Sasa nitoke Montana nirudi nyumbani, kwa sababu mnajua mimi siwaandikii wawindaji.

Mau Narok iko juu ya mita 2,700. Barabara ya kwenda Njoro inashuka mamia ya mita, na asubuhi kuna ukungu unakufanya usione hata bega lako. Kwa hiyo barabara kuna vijana rika langu wanabeba gunia la viazi nyuma, mama na mtoto katikati, na mkoba wa karoti ukining'inia. Zunguka hapo steji uangalie zile pikipiki. Taa za rangi chini ya injini, zinawaka bluu na nyekundu. Spika. Bampa za kung'aa mbele na nyuma. Stika za mistari ya hekima. Ekzosi iliyokatwa ndio ingurume. Halafu inama uangalie breki ya nyuma. Inama tu.

Kuna fundi mzee hapo kwetu, kila mtu anamwita Guka, ana kibanda cha mabati na mashine ya kukereza vyuma ambayo naamini imenizidi umri mara mbili. Siku moja nilimuuliza kwa nini hatengenezi zile bampa za kung'aa kama vijana wengine, kwa sababu ndizo zinauza. Akaniambia, "Kijana wangu, bampa wanalipa siku hiyo hiyo. Breki wanasema watalipa Ijumaa."

Niliandika hiyo sentensi kwa simu nikiwa nimesimama hapo. Ndio hii mada yote.

Tunalipa kinachoonekana kwa haraka na pesa taslimu, na kisichoonekana tunakikopa. Na fundi naye ana watoto, ana karo, kwa hiyo anajifunza. Anajifunza kwamba kukereza pini ya breki iingie sawasawa, kazi ya saa nzima ya macho na subira, inampa ahadi ya Ijumaa. Kuchomelea bampa ya nusu saa inampa pesa leo. Baada ya miaka mitano ya hivyo, fundi wa pini anaisha. Wanabaki wa bampa. Halafu tunakaa mtandaoni kulia kwamba Kenya hakuna mafundi.

Rigby hawakuwa malaika. Walikuwa na wateja waliokubali kulipia kazi iliyofichika ndani. Hiyo ndiyo tofauti, na haikuwa ya ngozi wala ya akili. Mafundi wetu wa jua kali wanaweza. Nimemwona Guka akichukua kipande cha ekseli ya gari iliyokufa na kutoa pini ambayo inaingia mahali pake bila kucheza hata unywele. Mpe mchoro na muda, na mlipe. Hilo la mwisho ndilo tunalokwepa.

Najua hoja ya biashara. Wenye pikipiki wananiambia, buda, abiria wanapanda pikipiki inayopendeza, taa ni matangazo. Nakubali. Matatu za Nairobi zimeishi kwa hiyo hesabu miaka na miaka, na zimeajiri wachoraji na mafundi wengi. Sisemi toa taa. Nasema foleni ibadilike. Viatu vya breki, tairi, cheni, beringi za usukani, halafu spika. Mtu akilipa kwa mpangilio huo, hata akiweka taa 40 mimi nitampigia makofi.

Wengine watasema, hizo breki ni za bei ya chini, si ndio rahisi kununua wakati wowote. Hapo ndipo mtego ulipo. Tunadharau kitu kwa sababu bei yake ni ndogo. Kumbuka zile senti tano na nusu. Kitu kidogo hakina mtu wa kukisemea. Hakina tangazo, hakina mtu maarufu wa kukishika mkononi akitabasamu. Kitu cha bei ndogo kinachoshika maisha ya watu kinahitaji mtu mwenye kichwa ngumu wa kusema, hiki kwanza.

Na kabla mtu hajaenda kufanya ujinga: sijaandika hii ndio uende kutafuta bunduki ya babu ya mtu uanze kuifungua. Kenya bunduki iko chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Leseni inatoka kwa Bodi ya Leseni za Silaha, na kazi ya kutengeneza au kubadilisha silaha ni ya wafanyabiashara waliosajiliwa, si ya kibanda cha jua kali. Usimpelekee Guka wako hiyo kesi. Mtu akikuonyesha video ya kubadilisha triga nyumbani na kusema ni rahisi, jibu ni zile hadithi mbili nimewapa. Wale walikuwa na kiwanda kizima, na bado walikosea. Ukienda Tanzania, ambako uwindaji wa kitalii bado uko kisheria, utapata wawindaji wa kazi wanaotumia CZ za kutoka Czech, bunduki imara lakini zinazotoka kiwandani zikiwa na ukakasi, na wao hupeleka kwa fundi wa silaha alainishe njia ya boliti na kurekebisha triga. Wanapeleka kwa fundi. Watu ambao maisha yao yanategemea hiyo chuma kila msimu hawaigusi wenyewe kwa kiburi.

Tumekuwa kizazi cha kubadilisha kifuniko. Simu inapata kava mpya, betri imevimba ndani. Nyumba ya kukodisha inapakwa rangi, waya wa umeme umefungwa kwa nailoni. Hata sisi wenyewe: mtu ananunua viatu vya elfu kadhaa na jino linamuuma tangu Januari. Na sisi watu wa video ndio tumesaidia kuleta hii, tusidanganyane, kwa sababu kamera inapenda kung'aa. Breki nzuri haipigi picha. Skurubu nene chini ya darubini haipati likes.

Kwa hiyo mwezi huu wote nitafanya jaribio kwa kurasa zangu. Sitaonyesha pikipiki iliyopambwa hata moja. Nitaonyesha breki, pini, beringi, cheni, na mikono ya mafundi wanaozitengeneza, wa Mau Narok, Mwisho wa Lami, Njoro, mpaka Nakuru mjini. Watazamaji wakipungua, wapungue. Wewe nako nyumbani fanya hivi: chukua kitu kimoja unachotegemea kila siku, kigeuze tumbo juu, tafuta ile sehemu ambayo hakuna mtu huangalia. Kama imechoka, nenda kwa fundi wako leo.

Na ukifika, usimwambie Ijumaa.